Povu na Wembe Upande wa Ogwedhi

Ogwedhi ni soko la mpakani. Ukitoka Migori mjini kuelekea Transmara, ndipo mashamba ya Wajaluo yanapoanza kupisha malisho ya Wamaasai. Wakuria hawako mbali, na Wakisii huleta ndizi zao siku ya soko. Jamii hizi zimeuziana ng'ombe na nafaka, zimeoana na mara nyingine zimepigana, na kila moja ilikuja na desturi yake ya nywele. Kuna aliyenyolewa kwa msiba, aliyenyolewa kwa kumaliza umorani, na mtoto aliyenyolewa ili chawa wasipate makao. Kwa hiyo hapa ni pahali pafaapo kuuliza swali ambalo waandishi wa historia hulipita haraka: kabla wembe haujagusa ngozi, nywele zililainishwa kwa kitu gani? Jibu likifuatwa kwa makini linaeleza jambo kubwa kuliko usafi wa kidevu. Linaeleza jinsi kunyoa kulivyotoka mikononi mwa ndugu na kuingia mikononi mwa mtu mwenyewe, na jinsi kunavyohamia sasa mikononi mwa mtu mwingine ambaye si ndugu tena.

Historia ya kunyoa kwa kawaida husimuliwa kwa upande wa chuma. Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilishwa mwaka 1904. Mwaka uliotangulia kampuni yake ilikuwa imeuza mashine 51 tu za kunyolea. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliagiza milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Tangu hapo, wasimulizi husema, wanaume wa dunia nzima wakaanza kujinyoa nyumbani. Simulizi hii ina ukweli wake, lakini haitoshi huku Nyanza Kusini. Chuma kikali hakikuwa kigeni huku. Wahunzi wa Samia walifua majembe, mikuki na visu tangu kabla ya reli, na kazi zao zilisafiri kuzunguka Ziwa Victoria. Wembe ulikuwepo, na mikono ya kuunoa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kumwezesha mtu kuupitisha wembe huo shavuni mwake mwenyewe, bila msaidizi na bila kujichuna. Ninachodai ni kwamba kitu hicho kilikuwa povu la sabuni. Tena haikuwa sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya kunyolea. Ilikuwa ni kipande kilekile kilichofulia nguo.

Waswahili wa pwani, ambao wamekuwa na vinyozi wa kazi tangu zamani, wametuachia ushahidi katika methali mbili. Ya kwanza husema kinyozi hajinyoi. Ya pili humwonya mtu kwamba mwenzake akinyolewa, zake azitie maji. Tumezoea kuzitumia kama mawaidha hata tukasahau kwamba zimesimama juu ya utaratibu halisi wa kazi. Watu walinyolewa kwa zamu. Kichwa kililowekwa mapema, na kilicholowekea kilikuwa maji. Hata fundi mwenyewe alihitaji mkono wa mwenzake. Sabuni haitajwi, wala kioo. Na waliotunga methali hiyo ya pili walijua walichokuwa wakikisema, maana unywele mkavu ni mgumu, lakini ukilowa kwa dakika mbili tatu hunywa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, huvimba, na hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Maji matupu yanatosha kabisa ikiwa anayenyoa ni mtu mwingine. Tatizo la maji ni kwamba hukauka na hutiririka, na anayejinyoa ana mkono mmoja tu ulio huru na haoni nusu ya anachokifanya.

Tuanze na Wamaasai, kwa sababu desturi yao ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Umorani unapoelekea ukingoni, vijana wa rika huingia katika sherehe ya eunoto. Nywele walizozifuga kwa miaka, zikasokotwa ndefu na kupakwa mafuta na udongo mwekundu, hunyolewa zote. Anayenyoa ni mama. Kijana huketi juu ya ngozi ya ng'ombe, mama humtia kichwani maji yaliyochanganywa na maziwa, na wembe huanza kupita huku ule mchanganyiko mweupe ukichuruzika pamoja na udongo mwekundu hadi shingoni. Wapo morani wanaolia. Mtu anaweza kusema kwamba maziwa hayakuchaguliwa kwa sababu yananyoa vizuri, yalichaguliwa kwa sababu ni baraka. Mimi naona sababu zote mbili zina uzito. Maziwa ni maji yaliyobeba mafuta na protini. Hukaa kwenye nywele muda mrefu kidogo kuliko maji matupu na hupunguza msuguano wa wembe. La kuzingatia ni kwamba hayatoi povu, wala hayakutakiwa kulitoa. Mama ana mikono miwili, anaona kila upande wa kichwa, anaweza kuvuta ngozi kwa dole gumba na kumwagia tena pale palipokauka. Kilainisho kinachotiririka kinafaa pale ambapo anayenyolewa hana kazi ila kutulia.

Kwa Wajaluo, kunyoa kukubwa kulikuwa kwa msiba. Baada ya mazishi ilifuata liedo: siku ya nne kama marehemu alikuwa mwanamume, siku ya tatu kama alikuwa mwanamke, jamaa wa karibu walinyolewa vichwa kama alama ya kuachana na kifo na kurudi katika maisha ya boma. Wajane walikuwa na taratibu zao za ziada. Paul Mboya, mwana wa Karachuonyo aliyekuwa mchungaji wa Waadventista na baadaye chifu, alichapisha mwaka 1938 kitabu cha Dholuo juu ya mila za watu wake, Luo Kitgi gi Timbegi, na bado kinatajwa watu wanapobishana juu ya hatua za matanga. Mwaka huo una maana katika hoja yangu. Kufikia 1938 sabuni ilikuwa ikiuzwa katika maduka ya Kendu Bay na Homa Bay, na wanaume waliosoma walikuwa wakijinyoa ndevu. Hata hivyo liedo ilibaki shughuli ya watu wawili, anayenyoa na anayenyolewa, na maana yake yote ilikuwa katika uhusiano wa wawili hao. Mtu hakujinyoa liedo chumbani peke yake. Pale ambapo mkono wa ndugu ndio ulikuwa kiini cha jambo, sabuni haikuwa na la kubadilisha.

Isidhaniwe kwamba sabuni haikuweza kuzaliwa huku. Malighafi yote ilikuwepo. Sabuni hupatikana mafuta yanapopikwa pamoja na magadi, na watu wa Nyanza Kusini walikuwa na vyote viwili. Ng'ombe walitoa samli na shahamu. Wanawake walijua kuchuja maji katika majivu ya mimea ili wapate magadi ya kulainishia mrenda na majani ya kunde. Karibu na Kendu Bay liko Ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la kijani lisilo na samaki, ambalo maji yake yenyewe ni ya magadi. Magadi hayo si ya aina moja. Majivu ya mimea hutoa zaidi potasiamu, na maziwa kama Simbi na Magadi hutoa zaidi sodiamu. Sabuni ya sodiamu huganda ikawa mche mgumu. Ya potasiamu hubaki laini, ya kuchotwa kwa kidole. Huyeyuka upesi na hutoa povu zito lenye unyevu. Sabuni nzuri za kunyolea na krimu zake, tangu zile za karne ya 19 hadi za leo, zimeegemea potasiamu pamoja na asidi ya steariki, ambayo ni sehemu ngumu ya shahamu. Kwa hiyo mama wa Karungu au Suna aliyechuja majivu jikoni, na kuwa na shahamu kwenye chungu, alikuwa ameshika viambato viwili vikuu vya krimu ya kunyolea. Hakuvichanganya kwa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyevihitaji hivyo. Hitaji la povu huanza mtu anapokuwa peke yake mbele ya uso wake.

Upweke huo uliletwa na reli, shule, misheni, kazi ya mshahara na jeshi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Kiwanda cha ndugu Lever cha Uingereza, kilichoanza kuuza Sunlight mwaka 1884 na Lifebuoy katika muongo uliofuata, kilikuwa kikitafuta masoko kila palipofika meli. Mwaka 1906 Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, walifungua misheni ya Waadventista pale Gendia. Misheni na shule zake zilihubiri usafi wa mwili sambamba na usafi wa roho, na sabuni ikawa mojawapo ya vitu vilivyomtambulisha msomaji. Lakini kilichobadilisha kunyoa hakikuwa mahubiri. Ni kwamba mwanafunzi wa bweni, karani wa Kisii, kibarua wa chai Kericho, mfanyakazi wa reli na mchimbaji wa Macalder waliishi mbali na watu waliokuwa na haki na desturi ya kuwashika kichwa. Askari wa King's African Rifles waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili walikuwa katika jeshi lililotaka kidevu safi kila asubuhi, na askari hakuweza kumngoja mjomba. Walirudi na mazoea hayo. Tazama picha za viongozi wa kizazi kilichofuata. Tom Mboya wa Rusinga, aliyetokea kwenye jalada la jarida la Time Machi 1960, ana uso ulionyolewa ukang'aa. Kwa vijana wengi wa Nyanza hiyo ndiyo ilikuwa sura ya mtu wa ofisini na wa mikutano.

Hapa mtetezi wa chuma atanijibu kwamba wembe wa bei rahisi ulikuja katika meli hizohizo, kwa hiyo siwezi kuutenganisha na sabuni. Ni kweli vilikuja pamoja. Lakini angalia vilivyotumika. Wembe mwembamba wa makali mawili ulienea mpaka vijijini, ila kishikio chake hakikuenea nao. Watu waliuvunja katikati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, wakaushika kwa ncha za vidole. Wengine waliubana juu ya kitana, kitana kikiwa ndicho kizuizi, ili nywele zipungue bila wembe kufika ngozini. Ndivyo watoto wengi wa Afrika Mashariki walivyopunguzwa nywele kabla ya mashine za umeme. Wembe huohuo ulikata kucha, ulifumua mishono na ulichonga penseli shuleni. Ukiupeleka shavuni namna hiyo, hauna kizuizi cha aina yoyote kati ya makali na ngozi. Kinachobaki ni povu. Kipande cha sabuni husuguliwa kiganjani penye maji mpaka utando mweupe ujitokeze, kisha hupakwa dhidi ya uelekeo wa ndevu, husubiriwa kidogo, na hupakwa tena. Povu hufanya kazi ambazo mkono wa mama au wa kinyozi ulizifanya: huondoa mafuta ya ngozi ili maji yaingie katika unywele, huzuia maji hayo yasikauke, huteleza chini ya makali, na humwonyesha mnyoaji palipopitwa na palipobaki. Hii ya mwisho huwa haitajwi, na mimi naiona kubwa. Anayejinyoa kwa kioo kidogo cha mfukoni huona wazi mipaka ya weupe kuliko mipaka ya vinyweleo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba watu walitumia kipande cha kufulia kwa sababu ya umaskini, na kwamba kuuita umaskini uchaguzi ni kuupamba. Nakubali nusu. Bei ilikuwa na uzito, na bado inao. Krimu ya bomba au sabuni ya bakuli iliyotoka Uingereza ilikuwa kitu cha maofisa na Wahindi wenye maduka. Lakini umaskini peke yake hauelezi kwa nini watu walewale walitenga sabuni kwa kazi nyingine. Kampuni ya East Africa Industries ya Nairobi, iliyoingia mikononi mwa Unilever katika miaka ya 1950, iliuza sabuni ya kufulia na ya kuogea kwa wateja walewale, na nyumba nyingi zilizokuwa na kipande kwa ajili ya nguo zilikuwa na Lux, Lifebuoy au Geisha kwa ajili ya mwili, hata kama ilihifadhiwa kwa wageni na kwa Jumapili. Tofauti ya sabuni na sabuni ilieleweka na ililipiwa. Kunyoa hakukupewa sabuni yake kwa sababu hakukuwa kazi ya kila siku, na kwa sababu kipande kilikuwa na sifa ambayo bomba halina: mwenye duka aliweza kuukata mche kwa kadiri ya sarafu zilizokuwa mkononi mwa mteja. Mtu anayenyoa ndevu mara moja kwa wiki, kichwa mara moja kwa mwezi, na kufua kila Jumamosi hakuwa mjinga aliponunua kitu kimoja cha kazi tatu.

Kulikuwa pia na maji, na ajabu ni kwamba hesabu za bei huyasahau. Sabuni yoyote huharibiwa na maji yenye chokaa. Badala ya povu hutoa utando wa kijivu unaong'ang'ania beseni na ngozi. Ziwa Victoria hupata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, kwa hiyo maji yake ni mepesi, yenye chokaa kidogo sana. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati, ambayo ni tegemeo la nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, ni mepesi zaidi. Katika nchi ya maji kama hayo kipande cha kawaida kinatoa povu ambalo mtu wa London, ambaye maji yake ya mfereji yamepita kwenye miamba ya chokaa, angelipata kwa shida. Sehemu ya ustadi wa watengenezaji wa Ulaya ilikwenda katika kupigana na maji magumu, na mnunuzi wa huku angelipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Palipo tofauti ni kwenye visima vinavyochimbwa katika miamba ya chokaa, kama ile ya Mlima Homa; huko maji ya mvua ndiyo ya kuwekwa kwa kunyolea.

Burashi nayo haikushika, na sioni hasara kubwa. Kiganja na kitambaa vilitosha, na burashi yenyewe haikuwa salama siku zote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, burashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi zisizosafishwa ziliwaambukiza kimeta askari na raia wa Uingereza na Marekani, na mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa kwa burashi kutoka Japani.

Linabaki swali la ubora, na hapa siwezi kukitetea kipande kupita kiasi. Watu husema sabuni ya kufulia ni kali mno kwa uso, nao wako sahihi, ila sababu wanayoitoa, yaani magadi yake, si yenyewe. Kila sabuni halisi ina ukali wa magadi, hata ile ya kunyolea ya bei kubwa. Ngozi ina asidi kidogo, na sabuni zote huivuruga kwa muda. Tofauti iko kwenye kilichobaki ndani ya sabuni na kilichoondolewa. Kipande cha kufulia kimetengenezwa kiondoe mafuta, na mara nyingi kimeongezewa vijazo kama silikati ya sodiamu ili kiwe kigumu na kidumu katika beseni. Glisirini, inayoshika maji na ambayo hutokea yenyewe sabuni inapopikwa, viwanda vingi huitenga na kuiuza kando. Sabuni ya kunyolea huachiwa glisirini, hupewa asidi ya steariki kwa wingi ili povu lisianguke kabla kazi haijaisha, na hutumia potasiamu ili liwe na maji ya kutosha. Kwa hiyo anayechagua asidanganywe na povu kubwa la haraka. Mafuta ya nazi hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi na kuacha ngozi imekauka. Povu linalofaa ni dogo, zito, linalong'aa kwa maji, na likisuguliwa kati ya vidole huteleza badala ya kunata. Asome orodha ya viambato, na akiona potasiamu steareti na glisirini karibu na mwanzo, hiyo ni dalili njema kuliko picha iliyo kwenye pakiti.

Kwa ngozi zetu jambo hili si la anasa. Unywele uliojikunja, ukikatwa chini sana au ukiwa mkavu, hubaki na ncha kali inayojipinda na kuingia tena ngozini, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapotokea kwenye koo na taya. Wanaume weusi katika jeshi la Marekani wamehangaika na tatizo hili kwa miongo mingi, hata ikabidi waruhusiwe kwa cheti cha daktari kufuga ndevu fupi. Wapo wanaotumia ugumu huu kudai kwamba historia ya kipande ni historia ya kuumia. Wanazidisha. Chanzo cha vipele ni kukata karibu mno, kwenda kinyume cha uelekeo wa unywele, na kurudia mahali pamoja. Kulowesha vizuri na wembe mkali hupunguza madhara zaidi kuliko jina la sabuni. Wazee waliolowesha kwanza, wakanyoa kufuata uelekeo, wakaacha siku kadhaa zipite, walikuwa na adabu ya ngozi ambayo mwenye kopo la povu la dukani anaweza kuikosa. Hata hivyo mwenye ngozi ya vipele leo akiweza kupata krimu, aipate. Faida yake ni halisi.

Kisha likaja janga. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na hakuna sehemu ya nchi iliyoumizwa kuliko kando ya ziwa. Hata katika utafiti wa kitaifa wa 2018 maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori. Matanga yalifuatana, na liedo nayo ikafuatana, katika wakati ambapo wembe mmoja kupita kwenye vichwa vya jamaa wote ulikuwa umegeuka hatari. Mafunzo ya afya yalisema kila mtu na wembe wake. Makanisa yaliyokuwa yakiipinga liedo kwa sababu za imani yalipata sababu ya pili, na katika familia nyingi tendo lilipunguzwa hadi kukata nywele chache tu kama ishara. Hapo kunyoa kwa msiba, ambako sabuni haikuweza kukugusa kwa miaka 80, kulisogezwa kuelekea kujinyoa kwa njia nyingine. Wembe wa mtu mmoja ulikuwa umezoeleka tayari, kwenye beseni karibu na kipande cha sabuni, na ndiyo maana mafunzo yale yalipata pa kushika. Lau kunyoa kungekuwa bado ni kazi ya mikono ya wengine tu, amri ya kutenganisha nyembe ingekuwa ngumu zaidi kuitii.

Kwa muda huohuo vibanda vya kinyozi vilienea katika kila soko, Ogwedhi pia, vikiwa na mashine ya umeme, kioo kikubwa na chupa ya spiriti. Kinyozi huyu hatumii povu hata kidogo kwa kichwa. Mashine hukata nywele zikiwa kavu, na spiriti hupakwa baada ya kazi, si kabla. Mpangilio wa karne nzima umegeuzwa: zamani kilichopakwa kilitangulia wembe ili kumlinda mtu na makali; sasa kinafuata ili kumlinda na mteja aliyetangulia. Ndiyo sababu nasema kunyoa kumehama tena, safari hii kwenda kwa mtu wa kulipwa, na povu limebaki kwa ndevu na kwa wale wanaotaka kipara cha kung'aa. Kijana anayekwenda dukani anakuta nyembe za plastiki za kutupwa, kipande, sabuni ya kuogea na, katika maduka makubwa ya mjini, kopo la povu lililotengenezwa mbali. Kopo hilo, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949, ni urahisi zaidi kuliko ubora. Limejaa hewa, hulowesha unywele kidogo kuliko krimu ya bomba au sabuni laini iliyopigwa vizuri kiganjani.

Kati ya kipande na kopo ipo nafasi ambayo haijajazwa, na ni nafasi ya mtu wa hapahapa. Vikundi vya wanawake vinavyotengeneza sabuni kando ya ziwa hununua soda kali kutoka dukani na kutoa miche migumu, kwa sababu ndiyo inayojulikana sokoni. Lakini maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, na ndizi za Kisii hufika Ogwedhi kila siku ya soko. Gugumaji linaloziba ufuo wa Homa Bay lina potasiamu pia. Shahamu iko kwenye kila bucha. Majivu hayo hayana nguvu sawa kila mara, na hilo ndilo pingamizi la kweli: magadi yasiyopimwa huacha sabuni inayochoma au yenye mafuta ghafi. Tiba yake ni kuyachemsha mpaka yakauke, kuyatia chokaa iliyozimwa ili yapate ukali, kuyapima, na kuiacha sabuni ikae majuma kadhaa kabla ya kuijaribu kwenye ngozi ya mkono. Kazi ya kuchuja majivu bado inajulikana katika majiko ya mrenda.